Uzazi wa mpango Rungwe: baba yuko wapi?

Ndugu msikilizaji, kama uko Dar es Salaam na jana ulikula ndizi, za nyama au za kukaanga kando ya barabara, yawezekana kabisa zilipita soko la Mabibo, pale Mahakama ya Ndizi, na kabla ya hapo zilipakiwa kwenye lori mahali fulani kati ya Kiwira na Tukuyu. Aliyezikata shambani na kuzibeba kichwani hadi barabarani mara nyingi ni mwanamke. Na si ajabu mwanamke huyo akawa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Wiki hii nataka tumzungumzie yeye, na zaidi yake nataka tumzungumzie mtu ambaye katika habari hizi za afya ya mama na mtoto huwa hatajwi, yaani mumewe.

Rungwe si wilaya ya njaa. Mvua inanyesha karibu mwaka mzima, sehemu nyingine inapita milimita 2,000, udongo ni wa majivu ya volkano, na Mlima Rungwe wenyewe unakaribia mita 3,000. Kuna ndizi, viazi mviringo, maharage, kahawa, chai ya Katumba na Mwakaleli, na siku hizi maparachichi yanayouzwa hadi Ulaya. Ng'ombe wa maziwa yuko bandani nyuma ya nyumba. Mgeni anayepita na basi la Kyela akichungulia dirishani hujiuliza watu wa hapa wanaweza kukosa nini.

Kwanza wanakosa ardhi, na hilo si jambo la jana. Katika miaka ya 1950 P. H. Gulliver, mtaalamu wa elimu ya jamii aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni, aliandika juu ya mashamba ya Wanyakyusa yaliyoanza kubana, na juu ya wanaume wao waliokuwa wakiondoka kwenda kutafuta kazi mbali. Hesabu za sensa zinaonyesha kwamba kuondoka huko hakukuisha. Sensa ya 2002 ilikuta Rungwe watu kama 307,000. Ya 2012, ikijumlisha Busokelo, ilikuta 339,157. Hilo ni ongezeko la kama mtu mmoja kwa kila kumi katika miaka 10, wakati taifa zima liliongezeka kutoka milioni 34.4 hadi milioni 44.9, yaani watatu kwa kila kumi. Asidhani mtu kwamba akina mama wa Rungwe walikuwa wamepunguza kuzaa kwa kiasi hicho. Watoto walizaliwa, wakakua, wakapanda basi. Wako Mbeya mjini, wako Usangu, wako Tunduma, wako Dar es Salaam. Wengine ni ninyi mnaonisikiliza.

Sasa, watu wengi husema uzazi wa mpango, ule ambao zamani tuliuita uzazi wa majira, ni jambo lililoletwa na Wazungu. Nimelisikia hilo Tukuyu, nimelisikia Kariakoo, na msemaji huwa mwanamume. Wazee wa Rungwe wangelishangaa. Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa na Wanyakyusa katika miaka ya 1930, na vitabu alivyotoa Monica baadaye, kikiwamo cha 1957 juu ya mila za ukoo, vimejaa miiko ya uzazi. Mama anayenyonyesha hakutakiwa ashike mimba nyingine kabla mtoto hajapata nguvu za kutosha. Kizazi cha mzazi na kizazi cha mtoto havikutakiwa kuzaa kwa wakati mmoja, kwa hiyo mkaza mwana alipoanza kuzaa, mama mkwe alitakiwa awe ameacha. Mkaza mwana na baba mkwe hawakutazamana kabisa. Walipokaribia kukutana njiani mwanamke alijificha kando. Vijana waliishi na rika zao katika vijiji vyao wenyewe, mbali na baba zao. Kujifungua mapacha kulikuwa na miiko na dawa zake kwa nyumba nzima, kwa sababu kulihesabiwa kuwa jambo la hatari. Leo mkunga yeyote aliyesomea atakwambia mimba ya mapacha ni ya kupelekwa hospitali. Kwa hatari hiyo wazee hawakukosea.

Wanyakyusa hawakuwa peke yao. Kiswahili chetu kina neno ambalo vijana wa mjini wameanza kulisahau: kubemenda. Mtoto anayenyonya akidhoofu, akavimba miguu, nywele zikapauka na kuwa nyekundu, majirani walinong'ona kwamba wazazi wamembemenda, hawakungoja. Daktari leo atasema huyo ana utapiamlo, huenda kwashiakoo, ameachishwa ziwa mapema kwa sababu mama ameshika mimba, akawekwa kwenye ndizi tupu isiyo na maharage wala maziwa. Maelezo ya wazee yalikuwa na kasoro, lakini walichokuwa wakikiona kwa macho kilikuwa kweli. Na lililo kubwa kwangu ni hili: aibu ilikuwa ya watu wawili. Baba hakuwa na pa kujificha. Kumwachanisha mtoto na mdogo wake ilikuwa kazi ya baba kama ilivyokuwa ya mama, na pengine zaidi, maana yeye ndiye aliyetakiwa kujizuia.

Sisemi kwamba zamani kulikuwa peponi. Mwenye wake watatu hakupata taabu kubwa ya kungoja. Mwanamke hakuulizwa anataka watoto wangapi, na ng'ombe wa mahari walikuwa wameshaliwa. Wengi walikufa wakijifungua, na hakuna aliyewahesabu. Ninachosema ni kwamba mpango ulikuwapo, na mwanamume alikuwa ndani yake.

Kilichomtoa ni nini? Wengine watasema ni dini, wengine watasema ni shule. Mimi naona ni safari. Wanaume wa Rungwe walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa, huko Chunya. Walikwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Waliandikishwa na Wenela kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini, mpaka baada ya Uhuru wa 1961 serikali ilipokataza. Mume aliyekuwa mgodini kwa mwaka na nusu hakuhitaji mwiko wowote, kwa kuwa umbali wenyewe ulikuwa mpango wa uzazi. Lakini aliporudi kwa miezi miwili, akiwa na blanketi na sanduku la bati, na huku akijua ataondoka tena, nani angemwambia angoje mtoto aache ziwa? Mwiko unahitaji watu wanaokaa pamoja. Ukoo ukitawanyika, mwiko unabaki kuwa hadithi za bibi.

Ndipo ikaja kliniki. Chama kilichokuja kuitwa UMATI kilianza Dar es Salaam mwaka 1959, kwa watu wa mjini zaidi. Mwaka 1969, alipouleza mkutano wa TANU juu ya Mpango wa Pili wa Maendeleo, Mwalimu Nyerere alisema wazi kwamba kuzaa tunafanana na wanyama, lakini kulea na kusomesha ni wajibu wa binadamu, na kwamba watu wafikirie idadi ya watoto kwa uwezo wao wa kuwatunza. Mwaka 1974 serikali ikaingiza huduma hiyo katika kliniki za mama na mtoto nchi nzima. Ilikuwa hatua kubwa na ya heri. Lakini hebu tulisikilize jina lenyewe: mama na mtoto. Watu wawili. Wa tatu amebaki nje ya mlango, na kwa kuwa hakuna aliyemwita, hakuingia. Miaka ya 1990 ikaletwa ile alama ya Nyota ya Kijani, ukawekwa ubao, zikachapwa picha. Mwanamume alipita chini ya nyota ile akienda kilabuni kama anavyopita chini ya nguzo ya simu.

Asubuhi moja nilikaa kwenye benchi la zahanati upande wa milimani. Jina lake nitaliacha. Ilikuwa siku ya kliniki, akina mama wamejaa hadi barazani, watoto wananing'inizwa kwenye mizani mmoja mmoja wakilia. Wanaume tulikuwa wawili, mimi na mlinzi. Baadaye, foleni ilipopungua, muuguzi, mama wa makamo, alinifungulia droo ya meza yake. Ilikuwa na kadi zimefungwa kwa mpira.

"Hizi ni za wanaochoma sindano ya miezi mitatu," aliniambia. "Hawaendi nazo nyumbani. Wananiachia mimi."

Nikamwuliza nyumbani wanasema wamekwenda wapi.

"Wanasema wamempeleka mtoto kupima uzito. Si uwongo, baba, mtoto kweli anapimwa."

Ndugu msikilizaji, nimeifikiria sana droo ile. Kwa upande mmoja ni ushindi: mwanamke aliyetaka kupumzika amepata pa kupumzikia, na mwongozo wa afya wa nchi hii haumtaki alete ruhusa ya mtu. Na iwe hivyo hivyo. Lakini kwa upande wa pili angalia mzigo aliobeba. Sindano hiyo huweza kuvuruga siku zake. Mwingine hutokwa damu kidogo kidogo kwa majuma, mwingine hakosi kichwa kuuma, mwingine haoni siku zake kabisa. Ni mambo ambayo muuguzi angeweza kuyaeleza, na mengi huisha au hurekebishwa kwa kubadili njia. Lakini huyu hawezi kulalamika nyumbani, wala hawezi kurudi zahanati kabla ya siku ya kliniki bila kuulizwa anafuata nini. Mwishowe anaacha. Miezi michache baadaye ana mimba, na mtoto wa mgongoni hajatimiza mwaka na nusu. Halafu watu wa takwimu huandika kwamba ameacha kwa sababu ya madhara ya dawa. Mimi ningeandika kwamba ameacha kwa sababu hakuwa na mtu wa kumwambia.

Wakubwa wa afya wameliona tatizo hili, nao wamejaribu kumwita mwanamume. Tangu kuanza kwa huduma za kuzuia mama asimwambukize mtoto virusi vya Ukimwi, mjamzito anatakiwa aje na mwenzake kliniki ili wapime wote. Mkoa wa Mbeya ulikuwa na kila sababu ya kulipokea jambo hilo: uchunguzi wa taifa wa 2003 na 2004 uliukuta ukiongoza nchi nzima kwa maambukizi, asilimia 13.5 ya watu wazima. Lakini angalia sisi Watanzania tunavyoweza kuharibu jambo jema. Sehemu nyingi mwito uligeuka amri. Mjamzito aliyekuja peke yake alirudishwa, au akaambiwa akalete barua ya mwenyekiti wa kijiji kueleza mume yuko wapi. Yaani msichana aliyekimbiwa na aliyempa mimba anakwenda kwa mwenyekiti, mbele ya wajumbe, kuomba karatasi ya kuthibitisha kwamba amekimbiwa! Tumesikia hata habari za wajawazito kumlipa kijana wa bodaboda aje akae naye benchini kama mume. Huko si kumshirikisha baba. Ni kumwadhibu mama kwa kosa la baba.

Kwa nini nasema jambo hili ni la kufa na kupona? Waganga wanaoshughulika na vifo vya wazazi huzungumza juu ya ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa njiani, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Chukua mama wa mimba ya sita au ya saba, anajifungua nyumbani usiku wa masika. Mtoto ametoka salama, watu wanapiga vigelegele, lakini damu haikatiki. Kizazi kilichochoka kwa mimba nyingi hakikazi vizuri. Damu ya namna hiyo inaweza kumuua mtu ndani ya saa mbili. Hospitali zipo: iko ya wilaya pale Makandana, Tukuyu, iko Igogwe ya Wakatoliki, iko Itete ya Walutheri kwa watu wa Busokelo, na mambo yakizidi kuna Mbeya, kwenye hospitali ya wazazi ya Meta, kama kilomita 70 kutoka Tukuyu. Swali ni nani atasema, "Tuondoke sasa."

Mume yuko Tunduma, simu haipatikani. Fedha anazo yeye, au ziko kwenye simu ambayo namba yake ya siri anaijua peke yake. Mama mkwe anasema tungoje kidogo, mbona mimi nilizaa tisa humu humu. Baba mkwe yuko nyumba ya pili, na ndiye mwenye sauti mbele ya jirani mwenye gari. Siku hizi watu hawaingii tena vichakani, lakini ile haya ya zamani baina ya mkaza mwana na baba mkwe haijafutika yote, na habari za damu ya uzazi hazipelekwi kwake upesi. Saa ya kwanza imekwisha. Ndipo wanatafuta machela au bodaboda, njia ni utelezi mtupu, na saa ya pili nayo inakwisha.

Nitakuwa mwonevu nikimtwika mwanamume mzigo wote. Ucheleweshaji wa tatu ni wa serikali na watumishi wake. Mwaka 2007 ulianzishwa Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ule tulioujua kwa jina la MMAM, uliotaka zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Waziri wa Afya wakati huo alikuwa Profesa David Mwakyusa, mbunge wa Rungwe Magharibi. Majengo mengi yalijengwa kwa nguvu za wananchi, lakini kupata wakunga wa kuyajaza ilikuwa habari nyingine. Huduma za wajawazito na watoto chini ya miaka 5 zilisamehewa malipo tangu uchangiaji ulipoanza hospitalini miaka ya 1990; hata hivyo ni nani asiyejua orodha ile ya glovu, wembe, uzi, pamba na mpira wa kutandika? Mama anapoambiwa huduma ni bure, kisha akaambiwa aje na vifaa vyake, huona haya kwenda mikono mitupu, anabaki nyumbani. Nimemsikia bibi mmoja akiuliza kama bure ya serikali ina bei gani.

Kwamba hospitali yenyewe inaweza kubadili mambo tuna ushahidi wa nyumbani. Katika hospitali ya mkoa wa Kigoma, kati ya 1984 na 1991, Dk. Godfrey Mbaruku na wenzake walichunguza kila kifo cha mzazi, wakarekebisha vitu vya kawaida kabisa, vifaa vikatengenezwa, damu ikapatikana, watumishi wakabadili mwenendo, na vifo vikashuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Hakuna aliyeleta miujiza kutoka nje. Walitumia zaidi walichokuwa nacho.

Na nchi nzima imesogea. Uchunguzi wa afya wa 1991 na 1992 ulikuta watoto 141 kati ya kila 1,000 hawafiki miaka 5; ule wa 2022 umekuta 43. Wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa walikuwa asilimia 7 hivi. Sasa ni kama 31. Mwanamke wa wakati ule alizaa wastani wa watoto 6 na zaidi. Wa 2022 ni 4.8. Vifo vya wazazi vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika uchunguzi wa 2015 na 2016, na 104 katika ule wa 2022. Hesabu hizi za vifo vya wazazi zina upana wake, mtu asizishike kama mizani ya dukani, lakini hata ukizikatia nusu bado ni wanawake wengi walio hai. Tangu 2022 umesambazwa mpango wa m-mama, ambapo mtu hupiga 115 bila malipo, na pasipo na gari la wagonjwa huitwa dereva wa kijijini anayelipwa na serikali. Hapo ucheleweshaji wa njiani umeanza kupata dawa. Sasa tazama kilichobaki: kuamua. Namba 115 haiwezi kupigwa na mtu anayengoja ruhusa.

Hebu nigeukie kidogo suala la chakula, kwa sababu ndilo linalotumiwa sana kupinga uzazi wa mpango. Septemba 2018, akiwa Meatu mkoani Simiyu, Rais wa wakati huo, John Magufuli, aliwaambia wananchi waache uzazi wa mpango, kwamba wanaoutumia ni wavivu wasiotaka kufanya kazi kulisha watoto. Maneno hayo yalipigiwa makofi, na matangazo ya uzazi wa mpango yalisimamishwa kwa muda. Kama chakula kingi kingetosha, basi Nyanda za Juu Kusini zingekuwa na watoto wenye afya kuliko wote nchini, maana ndizo ghala la taifa. Lakini uchunguzi wa 2022 ulikuta kwamba Iringa, Njombe na Rukwa, karibu nusu ya watoto chini ya miaka 5 au zaidi wamedumaa. Uvivu hapo hauhusiki hata kidogo. Mama anayeamka saa kumi na moja, akachuma chai, akabeba ndizi, akachota maji, akarudi jioni akiwa na mimba ya miezi saba, hana saa ya kumlisha mtoto wa miaka miwili mara tano kwa siku. Mtoto hupewa ndizi zilizobaki mchana. Maziwa ya ng'ombe yule wa bandani yamekwenda asubuhi kwa mnunuzi, na fedha zake, ndugu msikilizaji, mara nyingi zinapokelewa na baba.

Wanaosema wanaume hawabadiliki hawasemi kweli. Mtakumbuka mchezo wa redio Twende na Wakati, ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993, na yule dereva wa lori Mkwaju aliyemtesa mkewe Tunu hadi taifa zima likamchukia. Kwa miaka miwili ya kwanza mchezo ule haukurushwa na kituo cha Dodoma, watafiti wakapata nafasi ya kulinganisha sehemu zilizosikia na isiyosikia. Waliona kwamba waliosikiliza walianza zaidi kutumia njia za uzazi wa mpango, na kwamba mambo yalianzia kwa mume na mke kuzungumza nyumbani juu ya walichosikia. Hakuna aliyemwamuru Mkwaju alete barua ya mwenyekiti. Watu walimcheka, na walipokuwa wakimcheka wakajikuta wanazungumza. Mimi niliye mtu wa redio nina haki ya kujivunia kidogo hapo.

Basi mwanamume afanye nini? Zipo njia zake mwenyewe, kondomu na kufunga kizazi cha mwanamume, upasuaji mdogo sana ambao mtu huenda na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Hapa kwetu wanaoukubali ni wachache mno, kwa sababu wamechanganya kufunga mirija na kuhasiwa kama fahali. Si kitu kimoja, nguvu hazipungui. Lakini hata asipofika huko, anaweza kulinda miaka miwili au mitatu kati ya mtoto na mtoto kama babu yake alivyotakiwa, anaweza kuijua tarehe ya sindano, anaweza kuacha nyumbani lita moja ya maziwa kabla mnunuzi hajafika.

Yule muuguzi wa kule milimani ana maswali anayomwuliza kila mjamzito miezi ya mwisho. Utajifungulia wapi? Utasindikizwa na nani? Usafiri utakuwa upi, na fedha ziko mkononi mwa nani? Ukihitaji damu, nani atakutolea? Haya aliniambia hujibiwa, hata kama ni kwa kubahatisha. Swali linalowashinda ni la mwisho: mwenye uamuzi asipokuwapo, nani ataamua? Wengi hutazama chini. Yeye huacha nafasi hiyo wazi, akamwita anayefuata.

Nafasi ile wazi haijazwi zahanati. Inajazwa kwa simu kutoka Dar es Salaam, kutoka Tunduma, kutoka mashamba ya mpunga ya Usangu. Ndugu yangu uliyeacha mke mjamzito Rungwe, jioni hii ukipiga, baada ya kuuliza habari za ng'ombe na za mvua, mwambie mkeo fedha ya gari iko wapi na namba ya siri ni ipi. Kisha omba uzungumze na mama yako, umwambie kwa heshima zote kwamba saa hiyo ikifika wasingoje simu yako.